Nyaraka za Usuli katika Michezo ya Mass Effect: Nani Msimulizi?

Mwalimu mwenzangu, huenda nawe umewahi kusahihisha insha ya aina hii. Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliagizwa kuandika insha ya kubuni, akaniletea kurasa nne kuhusu sayari ya mbali. Ukurasa wa kwanza ulieleza jinsi sayari hiyo ilivyopata jina lake. Wa pili ulitaja vita vitatu na miaka ambamo vilipiganwa. Wa tatu ulihusu ngozi, chakula na dini ya wenyeji. Katika ukurasa wa nne, mistari sita kabla ya mwisho, mtu mmoja alifungua mlango. Insha ikakomea hapo. Nilimpa alama 5 kati ya 20, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kisa kiko wapi?"

Kijana alinijia baada ya kipindi akasema, kwa adabu zake zote, "Mwalimu, hizo ni habari ambazo msomaji anafaa kuzijua kwanza." Nilimuuliza alikojifunza kuandika hivyo. Akanitajia mchezo wa kompyuta uitwao Mass Effect, ambao binamu yake alikuwa nao nyumbani. Kusema kweli, nilichokijua kuhusu michezo hii ni vile vibanda vya mtaani ambamo vijana hulipa ili wacheze kandanda kwenye runinga. Nilikaa na kijana huyo na binamu yake Jumamosi mbili, wao wakicheza nami nikisoma yaliyoandikwa kwenye kioo. Makala haya yametokana na Jumamosi hizo na usomaji uliofuata. Yanadhamiria kueleza nyaraka za usuli ni nini, zinavyofanya kazi, na kwa nini maoni niliyoyaandika kwenye insha ile yalikuwa mabaya, hata kama alama zenyewe hazikuwa mbali na haki.

Kodeksi ni nini?

Mass Effect ni mfululizo wa bunilizi ya kisayansi uliotungwa na kampuni ya BioWare ya mjini Edmonton, Kanada. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 2007, wa pili 2010 na wa tatu 2012. Wa nne, wenye wahusika tofauti, ulitoka mwaka 2017, na ile mitatu ya mwanzo ikatolewa upya kwa pamoja mwaka 2021. Hapa tutaizungumzia hiyo mitatu, kwa sababu inasimulia kisa kimoja. Mhusika mkuu ni Kamanda Shepard, askari ambaye mchezaji huchagua awe mwanamume au mwanamke. Wakati ni karne ya 22. Wanadamu wamekwisha kugundua, kwenye sayari ya Mars mnamo 2148, magofu ya jamii iliyotoweka ya Waprothean. Maarifa yaliyotoka humo yamewafikisha kwenye malango makubwa ya angani yanayorusha vyombo kutoka nyota moja hadi nyingine. Huko wamekuta jamii nyingine zilizowatangulia, zikitawaliwa na Baraza lililo katika kituo kikubwa kiitwacho Citadel.

Ulimwengu kama huu hauwezi kueleweka bila maelezo. Mtunzi wa riwaya anaweza kuyapenyeza kidogo kidogo katika usimulizi wake, akamsimamisha mhusika dirishani na kumkumbusha mambo ya kale. Mtunzi wa mchezo ana shida zaidi: mchezaji amekwisha kushika bunduki na hana hamu ya kuhutubiwa. BioWare walitatua tatizo hili kwa kuunda Kodeksi, yaani ensaiklopidia iliyomo ndani ya mchezo wenyewe. Mchezaji anapokutana kwa mara ya kwanza na jamii, chombo, mahali au habari ya tukio la kale, kidahizo kipya hufunguka katika orodha. Vidahizo vikuu husomwa kwa sauti na mwigizaji Neil Ross, kwa utulivu wa msoma taarifa ya habari. Vidahizo vidogo ni maandishi matupu. Chris L'Etoile ni mmoja wa waandishi walioshughulikia vidahizo hivyo katika mchezo wa kwanza, chini ya mwandishi mkuu Drew Karpyshyn.

Hakuna anayelazimishwa kuvisoma. Mchezaji anaweza kumaliza mchezo mzima bila kufungua hata kimoja. Kwa hivyo jambo lolote ambalo kisa hakiwezi kwenda bila hilo sharti lisemwe pia katika mazungumzo. Ukiitazama kwa juujuu, Kodeksi inafanana na sherehe ambazo wahariri wetu huziweka nyuma ya tenzi na tamthilia: mwenye haja atafunua, asiye na haja atapita. Hivyo ndivyo nilivyoichukulia Jumamosi ya kwanza, na ndivyo mwanafunzi wangu alivyoichukulia tangu mwanzo.

Waliotangulia

Mbinu yenyewe haikuanzia hapo. Mwaka 1994 kampuni ya Looking Glass ya Massachusetts, Marekani, ilitoa mchezo uitwao System Shock. Mchezaji huzinduka ndani ya kituo cha angani ambacho mtambo wenye akili bandia, SHODAN, umekitwaa na kuwaangamiza waliokuwemo. Watunzi walikuwa wamechoshwa na mazungumzo ya michezo ya wakati ule, ambapo mchezaji huchagua sentensi katika orodha naye mhusika humjibu kama kasuku. Wakaamua kuwaondoa watu walio hai na kubakiza rekodi walizoziacha: maagizo ya kazi, malalamiko, kwaheri. Mchezaji huziokota moja moja, kisha huunganisha mwenyewe yaliyotokea.

Austin Grossman, mmoja wa waandishi wa mchezo huo, ameeleza kwamba wazo hili lilichochewa na Spoon River Anthology, diwani ya Mmarekani Edgar Lee Masters iliyochapishwa mwaka 1915, ambamo wafu wa mji mmoja wanazungumza kila mmoja kutoka kaburini mwake. Nimelitaja hili kwa makusudi. Wapo wenzetu wanaodhani kwamba kuzungumzia michezo ya video katika jarida la fasihi ni kuhama uwanja, ilhali mbinu iliyo mashuhuri kuliko zote katika michezo hiyo ilitoka moja kwa moja kwenye rafu ya ushairi. Na riwaya ya barua tunaijua. Aliyesoma Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ anaelewa kwamba barua haielezi tu yaliyopita. Inamfichua pia anayeyaeleza.

Katika System Shock jambo hilo li wazi, kwa kuwa kila rekodi ina mwenyewe. Kodeksi haina. Haitaji mwandishi, haisemi "mimi", haipandishi sauti. Mwanafunzi wetu wa fasihi angeiita sauti ya msimulizi maizi, anayejua yote. Hapo ndipo anaponasika.

Ensaiklopidia inapokosea

Katika mchezo wa kwanza, Kodeksi inaeleza kwamba Citadel na yale malango ya angani ni urithi wa Waprothean, jamii iliyotoweka miaka 50,000 iliyopita. Maelezo haya yanatolewa kwa lugha ileile inayotumiwa kueleza uzito wa sayari na kasi ya vyombo. Mchezaji hana sababu ya kuyatilia shaka. Wahusika wote wanayaamini, na Baraza linaishi ndani ya kituo hicho kwa imani hiyo.

Kisha, katika sayari ya Virmire, Shepard anazungumza na Sovereign, mmoja wa mitambo hai ambayo kwa Kiswahili tungeiita Wavunaji, na kuambiwa kwamba malango ni kazi ya Wavunaji wenyewe. Katika sayari ya Ilos picha inakamilika. Mtambo ulioachwa na Waprothean, uitwao Vigil, unaeleza kwamba Citadel nayo si ya Waprothean. Walioijenga ni Wavunaji, ili kila jamii itakayostaarabika iikute, iifanye makao makuu yake, na iwe imekusanyika mahali pamoja siku ya kuangamizwa. Citadel ni mtego. Waprothean nao waliukuta umetegwa, wakanaswa kama waliowatangulia.

Fikiria hili linaifanya nini Kodeksi. Haikudanganya kwa nia mbaya. Iliandika yale ambayo wasomi wa Citadel wanaweza kuyajua wakiwa wamekaa ndani ya mtego huo. Kumbe sauti ile tulivu ilikuwa sauti ya mhusika wakati wote, mhusika asiye na jina lakini mwenye mahali anapoishi na mipaka ya anayoyajua. Mtunzi alijua zaidi, na pengo kati ya mtunzi na waraka wake ndilo lililozaa kinaya.

Mfano wa pili ni mdogo ila unafaa sana darasani. Mwaka 2157 wanadamu walikuwa wakijaribu kufungua lango lililolala, nao Waturian, ambao sheria za Baraza zinawataka wazuie jambo hilo, wakawashambulia bila onyo na kuiteka koloni yao ya Shanxi. Wanadamu wanaviita vita hivyo Vita vya Mkutano wa Kwanza. Waturian huliita jambo hilohilo Tukio la Lango 314. Kwa upande mmoja ni vita, tena vya kwanza, vyenye jina la kuandikwa kwenye minara ya kumbukumbu. Kwa upande wa pili ni tukio, lenye nambari ya faili. Sidhani kwamba mwalimu wa Kenya atahitaji kuelezwa tofauti hii. Serikali ya kikoloni ilitangaza "hali ya hatari" mwezi wa Oktoba 1952, na waliokuwa msituni hawakukiita hivyo walichokuwa wakikipigania.

Tena waraka huu haukai peke yake. Jenerali aliyesalimu amri Shanxi anaitwa Williams. Miongoni mwa askari wa Shepard yumo Ashley Williams, mjukuu wake, ambaye ukoo wake umebeba doa hilo jeshini tangu siku hiyo. Aliyesoma kidahizo kabla ya kuzungumza naye hulisikia jina hilo kwa namna nyingine. Asiyekisoma ataelewa pia, kwa maana Ashley mwenyewe atamweleza, lakini hatapata ile nafasi ya kuunganisha mambo kwa akili yake.

Huenda utauliza kama sisi tunayo maandishi ya namna hii. Tunayo. Habari za Pate, ile tarehe ya kisiwa cha Pate iliyowafikia wasomi kwa matoleo kadhaa, inawaeleza masultani wa ukoo wa Nabahani mmoja baada ya mwingine, tangu kufika kwao kutoka Oman katika karne ya 13, na inaiweka miji mingi ya pwani chini ya Pate. Wanahistoria wametilia shaka tarehe hizo pamoja na ukubwa wa ushindi huo. Sehemu kubwa ya tuliyo nayo ilitoka kwa Bwana Kitini, ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Nabahani. Hilo halitufanyi tuitupe tarehe hiyo. Linatufanya tuisome mara mbili, mara ya kwanza kwa yale inayosema na mara ya pili kwa yale ambayo ukoo ulitaka yakumbukwe.

Jenofaji

Kuna kidahizo kimoja kinachostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha usuli ukigeuka kuwa kisa.

Hapo kale, jamii za Citadel zilishambuliwa na Warachni, viumbe mfano wa wadudu. Wasalarian, jamii ya wanasayansi, waliwatafuta Wakrogan, wapiganaji wa sayari ya Tuchanka waliokuwa wamekwisha kuichoma sayari yao kwa vita vya nyuklia, wakawapa teknolojia na kuwatuma vitani. Wakrogan walishinda. Wakazaliana, wakataka ardhi, wakaanza kuziteka sayari za wengine. Ndipo Wasalarian wakatengeneza jenofaji, ugonjwa wa kurithi, nao Waturian wakaueneza. Tangu siku hiyo, katika mimba 1,000 za Wakrogan ni moja tu iliyotarajiwa kufikia uhai.

Hayo yote Kodeksi inayaeleza kwa aya chache tu, kwa ubaridi wa ripoti ya wizara. Ni sera iliyofanikiwa. Ukiyasoma umekaa kitini, unaweza hata kukubaliana nayo.

Katika mchezo wa kwanza, hata hivyo, ndani ya kikosi cha Shepard yumo Mkrogan, Wrex. Huko Virmire inagunduliwa kwamba adui anayo tiba ya jenofaji, na maabara yenye tiba hiyo lazima ilipuliwe. Wrex anasimama ufukweni na bunduki, akitaka aelezwe kwa nini watu wake wafe ili wengine wapone. Mchezaji lazima ajibu. Akijibu vibaya, Wrex anauawa. Katika mchezo wa pili anaingia Mordin Solus, daktari Msalarian mwenye utani mwingi, ambaye alishiriki kuurekebisha ugonjwa ule Wakrogan walipoanza kuuzoea. Yeye anayo hoja yake, na ni ya kimsamiati: anashikilia kwamba huko si kuwafanya watu tasa, ni kusawazisha idadi yao. Kisha anafika Tuchanka, katika hospitali iliyobomoka, na kuikuta maiti ya mwanamke wa Kikrogan aliyejitolea kufanyiwa majaribio ili apatikane mtu wa kuzaa. Hapo Mordin anaishiwa na utani.

Mtafiti aliyekuwa akiyafanya majaribio hayo alikuwa mwanafunzi wa Mordin. Mchezaji huamua kama matokeo yake ya utafiti yahifadhiwe au yafutwe, maana yamepatikana kwa ukatili. Katika mchezo wa tatu, uhai wa mwanamke wa Kikrogan aitwaye Eve, ambaye matumaini ya tiba yamo mwilini mwake, hutegemea kama nyaraka zile zilihifadhiwa. Waraka umetoka kwenye orodha ukawa tukio. Ile namba ya 1 kati ya 1,000, ambayo mchezaji aliipita haraka miaka mitano kabla, sasa ina jina na uso.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaodai kwamba usuli ni mzigo tu. Wala sikubaliani na wale wanaouona kuwa ndio utunzi wenyewe. Sehemu kubwa ya Kodeksi, hasa vidahizo vya silaha na mitambo ya vyombo, inachosha, na sioni aibu kusema niliiruka. Upo pia mfano wa mchezo wa Destiny wa mwaka 2014. Historia ya ulimwengu wake iliwekwa katika kadi ambazo mchezaji hakuweza kuzisoma ndani ya mchezo. Ilimbidi atoke nje, kwenye intaneti. Kadi zenyewe zilikuwa na waandishi hodari, lakini wengi walilalamika kwamba kisa walichokicheza kilikuwa kitupu. Ni mwaka 2018 tu ndipo vitabu vya historia hiyo vilipoingizwa ndani ya Destiny 2. Mwanafunzi wangu aliniandikia kadi hizo bila ya mchezo.

Darasani

Sote tunafundisha swali la dondoo. Mwanafunzi anajua kwamba akipewa maneno yaliyonukuliwa, atayaweka katika muktadha wake: msemaji ni nani, msemewa ni nani, ni wapi na ni kwa sababu gani. Hoja nne, alama 4. Lakini dondoo likitoka kwenye barua, tangazo, taarifa ya redio au ripoti iliyomo ndani ya riwaya, wengi wetu tunapokea jibu la "haya ni maneno ya mwandishi" na kuendelea. Hapana. Tangazo la serikali ndani ya riwaya lina msemaji, na mara nyingi huyo ndiye msemaji mwenye maslahi makubwa kuliko wote. Waulize wanafunzi ni nani aliyeliandika, alitaka aaminiwe na nani, na ni jambo gani ambalo asingeweza kulijua siku alipoliandika. Swali hili la mwisho ndilo tunalolisahau zaidi, na ndilo Citadel inalolidai.

Huhitaji mashine yoyote ili ulijaribu. Mimi niliandika ubaoni yale majina mawili ya vita vya Shanxi, bila kueleza chochote, nikawauliza wanafunzi ni upande upi ulioshambulia kwanza. Walibishana hadi kengele ikalia. Wengi walisema kwamba aliyeshambulia ndiye huita jambo "tukio". Msichana mmoja wa nyuma akasema la, aliyeshindwa pia anaweza kuliita hivyo ili apunguze aibu. Katika kipindi kilichofuata kila mmoja aliandika taarifa fupi kuhusu kisa kimoja cha shuleni, nusu yao wakiwa mwandishi wa gazeti la shule, na nusu yao wakiwa mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Na mwenye insha? Nilimrudishia, nikafuta lile swali langu la wino mwekundu. Badala yake niliandika: "Kurasa hizi tatu ameziandika nani?" Nilimwambia asiongeze hata neno moja la historia, atafute tu mtu mmoja katika sayari ile aliye na sababu ya kuiandika, na mwingine aliye na sababu ya kuikataa. Wiki mbili baadaye aliniletea kurasa tatu. Mtu anayefungua mlango alikuwa karani aliyetumwa kukagua kumbukumbu za mji, na historia ya sayari ilikuwa kwenye daftari alilolikuta mezani. Vita vilivyotajwa humo vilikuwa viwili. Nilimuuliza kile cha tatu kimekwenda wapi, akanijibu kwamba babu wa mwenye daftari alikuwa mkimbizi katika vita hivyo. Nilimpa alama 13. Tahajia yake bado ina kazi kubwa.